Herufi Kubwa ya Mwanzo na Mitindo ya Maandishi katika Vitabu Vyetu

Katika nyumba nyingi za Ufipa kuna vitabu viwili vitatu vilivyowekwa mahali pa heshima: Misale, kitabu cha nyimbo, na siku hizi kijitabu cha Jubilei ya parokia au cha maziko ya mzee wa ukoo. Twayasoma maneno ya vitabu hivyo, lakini ukurasa wenyewe hatuutazami. Nami nalikuwa vivyo hivyo, mpaka siku moja nilipomsikia mtu mzima, msomaji hodari, akikosea maneno anayoyajua tangu utoto wake, na kosa halikuwa la macho yake wala la miwani yake. Lilikuwa la ukurasa. Basi leo nataka kukihakiki kijitabu kimoja, si kwa habari zilizomo, maana hizo ni njema, bali kwa jinsi herufi zake zilivyopangwa.

Kijitabu chenyewe kilitolewa mwaka wa 2019 na parokia moja ya uwanda wa juu. Sitaitaja jina, kwa kuwa waliokitengeneza walifanya kwa mapenzi na kwa haraka, na wengi wetu tungalifanya kama wao. Kina kurasa 48. Kilipangwa kwa kompyuta na kijana wa duka moja la steshenari mjini Sumbawanga, kikapigwa chapa, kikazinduliwa Jumapili moja ya mwezi wa Julai baada ya Misa, watu wamejitanda mashuka mazito kwa baridi. Akaitwa mzee mmoja, katekista wa siku nyingi, asome ukurasa wa kwanza mbele ya wote.

Ukurasa ulianza hivi: herufi M kubwa sana, imeshuka mistari mitatu, imezungushiwa sanduku lenye maua, kisha nafasi pana, kisha, kwa herufi ndogo za kawaida, "walimu wa kwanza wa dini aliyefika katika kigango hiki". Mzee akasoma kwa sauti: "Walimu wa kwanza wa dini aliyefika..." Akasita. Sikio lake lilikataa, maana walimu hawasemwi "aliyefika". Akarudi nyuma, akaanza tena, akakosea tena, ndipo akaiona ile M aliyokuwa ameidhania kuwa ni pambo tu. Watu wakacheka kwa upole. Ukurasa wa tano akapewa mama mmoja, naye akasoma "Hama cha akina mama", kwa kuwa C ilikuwa imejitenga na wenzake ndani ya sanduku lake. Na penye habari ya nyumba ya mapadre, kijana wa kwaya alisoma "Yumba ya mapadre ilijengwa". Hapo kicheko kikawa kikubwa, maana paa la nyumba hiyo kweli layumba upepo unapovuma kutoka milima ya Mbizi.

Mimi sikucheka sana. Nafundisha watoto wa darasa la pili kusoma, najua hasara ya neno moja lililokatwa vibaya. Mtu asomaye upesi hubahatisha neno kwa umbo lake, akaenda zake. Asomaye polepole huiamini kila herufi kama mtu avukaye mto kwa mawe, na jiwe likikosekana huanguka. Na kijitabu cha parokia hakiandikwi kwa ajili ya wasomao upesi peke yao.

Ile herufi iliyomwangusha mzee si kitu cha jana. Kabla ya mitambo ya chapa, watawa wa Ulaya waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono walikuza herufi ya kwanza ya kila sura, wakaipaka rangi na hata dhahabu. Johannes Gutenberg alipoipiga chapa Biblia yake katika mji wa Mainz, Ujerumani, yapata mwaka 1455, mistari 42 katika ukurasa, hakuzipiga chapa herufi hizo kubwa. Aliacha nafasi tupu, na mwenye kununua kitabu alikwenda kumtafuta mchoraji azijaze. Miaka miwili baadaye, mwaka 1457, Johann Fust na Peter Schöffer wa mji uo huo walitoa Zaburi yenye herufi kubwa za mwanzo zilizopigwa chapa kwa rangi mbili, nyekundu na bluu. Kazi hiyo bado husifiwa na wapiga chapa wa leo.

Wala hazikuwekwa kwa urembo mtupu. Vitabu vya zamani zile kwa kawaida havikuwa na namba za kurasa. Padre aliyefungua Zaburi kanisani kwa mwanga wa mshumaa alihitaji kuona mara moja mahali zaburi inapoanzia, na herufi kubwa ilikuwa kwake kama jiwe la mpakani shambani. Tena katika Kilatini haikumdhuru msomaji. Zaburi ya kwanza kwa Kilatini huanza kwa herufi B. Ikuze B hiyo hata ijaze nusu ya ukurasa, neno litasomeka vile vile. Kwa nini? Kwa sababu Kilatini hubeba habari zake mkiani mwa neno. Magister ni mwalimu mmoja, magistri ni walimu wengi. Kichwa cha neno hakibadiliki, mkia ndio usemao ni mmoja au ni wengi.

Kwetu sisi ni kinyume. Kiswahili, kama Kifipa na ndugu zake wote, huweka habari hizo kichwani. Mwalimu na walimu, mwana na wana, mwanafunzi na wanafunzi: tofauti yote imo katika herufi ya mwanzo, ile ile ambayo mashine huing'oa, huikuza, na kuiweka mbali na wenzake. Ukiitenga M ya mwalimu, yanayobaki si kipande cha neno kisicho na maana ambacho jicho litakirudisha lilikotoka. Ni neno jingine kamili, tena la wingi, nalo hupita mbele ya msomaji kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji. Ndivyo "mwaka" ukawavyo "waka", na "nyumba" ikawavyo "yumba". Katika kijitabu hicho, ukurasa wa 12, palikuwa na habari ya Mkristo wa kwanza kubatizwa katika kigango. Yaliyobaki baada ya ile M kubwa, nadhani msomaji ameyaona mwenyewe, na hapo si jambo la kuchekesha tena.

Hilo ndilo shtaka langu kubwa. Herufi kubwa ya mwanzo ilizaliwa katika lugha ambazo kichwa cha neno chaweza kukatwa bila kumwaga damu. Tumeipokea bila kuiuliza itaishije na lugha yetu.

Na tusisahau kwamba Kiswahili kiliandikwa karne nyingi bila herufi hiyo. Watu wa pwani walikiandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo, na ambazo hushikana mikono ndani ya neno. Wanakili wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliosifika kwa kunakili Kurani, walionyesha mwanzo wa sura kwa vichwa vilivyozungushiwa mapambo, kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano, na kwa alama za duara pembezoni mwa ukurasa. Herufi ya kwanza haikuguswa. Ilibaki nyumbani kwake. Nalitaja hili ili mtu asije akasema kwamba pasipo herufi kubwa hakuna uzuri wa ukurasa, au kwamba watu wa nchi hizi hawakujua kupamba kitabu mpaka walipofundishwa na wengine.

Baadaye zilikuja herufi za Kirumi na mitambo ya risasi. Misheni ya U.M.C.A. ilikuwa na mtambo wake Unguja, na tangu mwaka 1888 ilikuwa na gazeti lake, Msimulizi. Huku kwetu Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Na Askofu Lechaptois alipoandika kitabu chake cha habari za watu wa nchi hizi, kilipigwa chapa mwaka 1913 mbali sana, katika matbaa ya shirika lao huko Maison-Carrée karibu na mji wa Algiers. Zamani za risasi, kila herufi ilikuwa kipande cha madini kilichookotwa kwa mkono kutoka sandukuni mwake. Aliyetaka herufi kubwa ya mistari mitatu alipaswa kutafuta kipande chenye kimo hicho hasa, kisha kuifupisha mistari iliyo ubavuni mwake mmoja mmoja, na kujaza nafasi kwa vipande visivyo na herufi ili ukurasa usilegee. Ilikuwa taabu. Na taabu ile iliwafundisha watu kiasi: herufi kubwa moja kwa sura, basi.

Siku hizi taabu hiyo haipo. PageMaker ilitoka mwaka 1985, InDesign mwaka 1999, na ziko nyingine zipatikanazo bure, kama Scribus. Mtu hubonyeza mara moja, herufi ikashuka. Akibonyeza tena, imepata sanduku. Mara ya tatu, imepata maua. Katika kijitabu chetu nalihesabu herufi kubwa za namna hiyo 61 katika kurasa 48. Ukurasa wa 20 unazo nne, moja kwa kila aya, na mbili kati yao zimekaribiana hata mtu aweza kuzisoma kwa kushuka kama neno la fumbo. Jiwe la mpaka likiwekwa kila hatua mbili, mpaka hauonekani tena.

Yapasa kunena haki ya mashine pia. Programu hizi haziwalazimishi watu kukosea. Ukiomba herufi iteremshwe, InDesign na nyingine nyingi hukuuliza maswali mawili: ishuke mistari mingapi, na zikuzwe herufi ngapi. Swali la kwanza kila mtu hulijibu. La pili huachwa kama lilivyo, nalo limejibiwa na watengenezaji kabla hujafika: moja. Jibu hilo laweza kuwafaa wao. Sisi tuna sauti nyingi ziandikwazo kwa herufi mbili, ch, sh, ny, dh, th, gh, nazo hazigawanyiki masikioni mwetu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu ilituachia tahajia hiyo, na ni njema. Lakini mashine haijui kwamba ch ni moja. Basi likianza neno "Chama", mwambie mbili. Likianza "Mwalimu", mbili vilevile, Mw, ili silabi ya kwanza isimame nzima. Likianza "Ng'ombe", mwambie tatu, kwa kuwa ile alama ya juu nayo huhesabiwa. Ukisema mbili, Ng itakuwa kubwa na alama yake itabaki ndogo peke yake, imening'inia hewani kama popo. Na habari ikianza kwa maneno ya mtu, yenye alama za kunukuu, mashine huihesabu alama kuwa ndiyo herufi ya kwanza. Kwa sababu hiyo ukurasa wa 27 wa kijitabu chetu umeanza kwa alama ya kunukuu yenye kimo cha mistari mitatu, na baada yake neno dogo la askofu.

Lakini M ya "Mkristo" na "Mtoto" je? Hapo hakuna herufi ya pili ya kushikamana nayo. M yenyewe ni silabi nzima, na kuikuza peke yake si kosa la sauti. Hata hivyo jicho bado laweza kuirukia "toto". Dawa niliyoiona katika vitabu vilivyopangwa vizuri ni kuliandika neno zima la kwanza, au maneno mawili matatu ya kwanza, kwa herufi za umbo kubwa zilizopunguzwa kimo, na kuipunguza nafasi iliyo kati ya herufi iliyoteremshwa na wenzake. Ndipo jicho huvuka daraja: M, kisha KRISTO, kwa vazi moja, na ndipo mstari huendelea kwa mavazi ya kila siku. Wako wanaoshauri kwamba mwandishi aepuke tu, aanze kila habari kwa "Katika" au "Hapo". Sikubali. Sentensi ni ya mwandishi, na herufi ni mtumishi wake.

Ziko taabu nyingine ndogo nisizotaka kukawia nazo. Herufi A huacha pengo juu kwa sababu ya mteremko wake, na I husimama nyembamba kama mti wa uzio. Sisi Wafipa twaijua I hiyo, kwa kuwa lugha yetu twaiita Ichifipa, na mtu akianza habari kwa neno hilo atapata ufito mmoja na "chifipa" iliyoachwa nje.

Jambo moja lakini ni kubwa. Kijana wetu hakutumia njia ya programu; alichora sanduku pembeni, akaandika M ndani yake, kisha akaifuta M katika neno lenyewe. Kwa hiyo katika faili la kompyuta neno "Mwalimu" halimo kabisa; limo "walimu", na mahali pengine sanduku lenye M. Habari hiyo ilipotumwa kwenye simu za waumini walioko Dar es Salaam na Mbeya, maneno yalikwenda, masanduku yakabaki. Watu wa mbali walisoma kijitabu kizima kisicho na vichwa. Herufi iteremshwayo kwa njia iliyo sawa hukaa ndani ya neno lake. Huonekana kubwa, lakini haijaondoka.

Nakuja sasa kwa mitindo ya maandishi, na hapa kosa halikuwa la kuchekesha tangu mwanzo.

Mtindo, katika programu hizi, ni jina moja linalobeba amri nyingi. Wasema, "Kichwa cha habari": herufi za aina hii, kimo hiki, nzito, nafasi hii juu yake. Kisha kila kichwa wakipa jina hilo, nacho huvaa vyote mara moja. Msomaji aliyefyatua matofali ataelewa upesi. Fremu ikishachongwa, matofali yote hutoka sawa, hata yakifyatuliwa na watu watatu. Ila mtindo unaishinda fremu kwa jambo moja: ukibadili fremu, matofali uliyokwisha kuyafyatua hayabadiliki, ukibadili mtindo, vichwa vyote vilivyokwisha kuandikwa hubadilika navyo, tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Tena mtindo waweza kumzaa mwingine. Mtoto hurithi yote ya mzazi, isipokuwa lile moja ulilomtofautisha.

Kijana wetu hakuchonga fremu. Kila kichwa alikivisha kwa mkono: akakichagua, akakikuza, akakifanya kizito. Kazi hiyo haikuwa mbaya mpaka usiku wa mwisho, kamati ilipoona karatasi hazitatosha, ikaamuru herufi zipunguzwe kutoka kimo cha 12 hadi 11. Akachagua maandishi yote kwa pamoja, akayapa kimo kimoja na uzito mmoja. Vichwa vyote vikaanguka, vikawa sawa na maneno ya kawaida. Akakesha akiviinua kimoja kimoja. Mtu aliyechoka hufanya hivyo mara hamsini, na mara moja husahau.

Alikisahau kimoja. Chini kabisa ya ukurasa wa 31 kilibaki kichwa "Makatekista Marehemu", peke yake, bila hata jina moja chini yake. Ukurasa wa 32 ulianza kwa majina kumi na manne ya marehemu hao. Kisha kikafuata kichwa "Makatekista Wanaotumika", kile kilichosahauliwa, kwa herufi zile zile za majina, bila uzito, bila nafasi juu yake. Kisha majina kumi. Asomaye aliyaona majina yote kama orodha moja, maneno mawili yasiyo na nguvu yamepita katikati, na juu yake, ukifunua nyuma, neno moja tu lililo wazi: marehemu.

Yule mzee aliyesoma ukurasa wa kwanza alikuwa wa tatu katika wale kumi. Mkewe ndiye aliyeliona jina, jioni, nyumbani. Sitasimulia yote aliyoyasema. Nalikwenda kuwaona kesho yake, na mama yule, asiyejua neno "mtindo" wala "programu", aliniuliza swali ambalo mhakiki yeyote angaliona fahari kuliuliza: "Mwalimu, kwa nini jina la mzima limevaa kama jina la maiti?"

Ndiyo kazi yote ya mitindo. Tazama Misale. Maneno mekundu humwambia padre atende nini. Maneno meusi humwambia aseme nini. Hakuna aliyepaka wekundu kwa sababu wekundu wapendeza. Rangi ni mpaka kati ya namna mbili za maneno, na padre akiuvuka atawasomea waumini kwa sauti kuu, "Hapa hupiga magoti". Katika kijitabu chetu maneno ya askofu yameandikwa kwa herufi za mlazo ukurasa wa 3, kwa herufi nzito ukurasa wa 9, na ukurasa wa 27 yamo ndani ya sanduku la kijani. Msomaji mwema huuliza: je, haya ni maneno ya namna tatu? Na penye majina ya wazima na wafu, ambapo tofauti ilikuwa ya lazima kuliko mahali pote, vazi likawa moja.

Nimeona pia kadi za arusi na ratiba za maziko mjini kwetu zenye aina saba za herufi katika ukurasa mmoja, nyingine zenye vivuli, nyingine zimepinda kama moshi. Watu husema ni uzuri. Mimi naona kwamba mwenye kuzipanga alikuwa na furaha ya kuonja kila chungu, na mwenye kusoma alikosa mlo. Kwa kijitabu cha parokia mitindo mitano yatosha, sita ikiwa kuna mashairi. Na mtindo wa vichwa lazima upewe ile amri, ambayo programu nzuri zinayo, ya kukizuia kichwa kisibaki chini ya ukurasa mbali na yanayokifuata. Amri hiyo moja, ikiwekwa mara moja, ingalikihamisha kichwa cha marehemu hadi ukurasa wa 32 bila mtu kukesha.

Nisije nikaonekana kumlaumu kijana. Nalimwendea dukani mwake, naye hakukasirika. Alisema hajapata kufundishwa, alijifunza kwa kutazama. Mwaka uliofuata kamati ilipoomba kijitabu kipigwe chapa mara ya pili, aliniita, tukakaa jioni mbili. Masanduku ya maua tukayaondoa yote. Herufi kubwa zikabaki tisa, moja kwa kila sura, kila moja na silabi yake, na M ya Mkristo ikavukishwa daraja lake. Mitindo ikawa mitano, tukaipa majina ya Kiswahili: Kichwa, Habari, Maneno ya Mtu, Majina, Chini ya Picha. Nikamwambia abadili kimo cha Habari ili aone kitakachotokea. Kurasa 48 zikabadilika kwa mara moja, naye akapiga mluzi.

Nakala ya kwanza nalimpelekea mzee mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Mwalimu wa kwanza wa dini aliyefika katika kigango hiki", bila kusita, akatikisa kichwa, akafunua upesi hadi ukurasa wa 32. Vichwa viwili vilisimama wazi, vizito, kila kimoja juu ya watu wake. Akaweka kidole kwenye majina ya wanaotumika, akayahesabu mpaka kumi, kisha kidole chake kikarudi juu hadi jina la sita, kikakaa hapo. Mtu huyo alikuwa amefariki wiki ya Pasaka, nasi hatukumbuka kumhamisha. Nikatoa kalamu mfukoni, mzee akaninyoshea kitabu.